Hewa ya Nyumbani na Mimea ya Vyunguni

Twasikia ikisemwa kuwa mimea ya vyunguni husafisha hewa ya chumba. Asili ya neno hilo ni majaribio ya NASA ya Marekani ya mwaka 1989, yaliyofanywa ndani ya visanduku vilivyozibwa, si katika nyumba zikaliwazo na watu. Mwaka 2019 wataalamu walihesabu kuwa yahitajika mimea 10 hata 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kulingana na hewa ipitayo jengoni.

Basi na tupande, kwani majani mabichi hupendeza macho. Lakini tusiwalaze watoto na jiko la makaa, milango imefungwa. Sumu yake haina rangi wala harufu, na chungu cha maua hakiizuii. Tufungue madirisha, jiko likae nje. Uhai ni amana ya Mwenyezi Mungu, nasi tutaulizwa.