Kompyuta ya depo ikinyamaza, mkulima asirudi nyumbani mikono mitupu

Ndugu wakulima, wanamemba wa koperative za Nizi na za jirani, leo hatuongei juu ya mbegu wala magonjwa ya mihogo. Tunaongea juu ya kitu kidogo ambacho siku hizi kinaweza kuchelewesha makuta yako kuliko mvua: waya ya rezo.

Koperative nyingi sasa ziko na kompyuta mbili. Moja iko depo, karibu na mizani, inaandika kilo za kila mtu: maharagi, mahindi, kahawa. Ya pili iko biro, kwa mtunza kesi, na inalipa kufuatana na kile ambacho ya kwanza imeandika. Kati yao kuna waya na kisanduku kidogo cha kugawanya rezo, kile mafundi wanakiita switchi. Siku zote zinasalimiana vizuri. Kisha asubuhi moja ya soko, ile ya depo inanyamaza. Biro haioni kilo. Watu wamebeba magunia toka alfajiri, wanaambiwa: «Rezo imekatika, mrudi juma ijayo, tumeita fundi wa Bunia.»

Sisi tunaona kwamba jibu hilo si jibu. Mtu wa Nizi anajua dhahabu. Hauzi hata gramu bila kuona mizani kwa macho yake. Sasa umwambie kwamba kilo zake ziko ndani ya mashini lakini mashini haitaki kusema? Siku ya kwanza atavumilia. Siku ya pili atauliza nani anafaidika na huo unyamavu. Siku ya tatu atauzia mchuuzi wa barabarani kwa bei ya chini, na koperative imempoteza. Waya ya bei ndogo inaweza kuvunja imani iliyojengwa miaka mingi.

Tena fundi wa kutoka mjini si wa bure. Kuna makuta ya pikipiki, chakula, kazi yenyewe, na kuna siku barabara haipitiki. Mwezi wa 5 mwaka 2021 Ituri iliwekwa chini ya hali ya dharura, na kila mmoja wetu anajua safari ya hapa inapangwa namna gani. Hatusemi fundi hana kazi. Tunasema asiitwe kabla sisi wenyewe hatujaangalia yale ambayo hayahitaji diploma.

Maana ugonjwa huu, mara nyingi, hauko ndani ya kompyuta. Uko njiani. Ufuate kama unavyofuata mfereji wa maji: unaanza pale maji yanatoka, unateremka mpaka pale yamekauka.

Kwanza, umeme. Switchi iko na taa? Kama haina taa hata moja, haina umeme. Angalia prizi, angalia betri ya sola, angalia kama mtu hakuchomoa ili achaji simu yake. Usicheke, inatokea sana.

Pili, taa ndogo za tundu. Pale waya inaingia, kwa kompyuta na kwa switchi, kuna taa kidogo. Ikiwaka, mashini mbili zinasikiana kupitia waya. Ikizimika, acha kugusa programu: waya ama fishi yake iko na shida. Chomoa, puliza vumbi, chomeka tena mpaka usikie «tak». Kile kilimi kidogo cha plastiki kikivunjika, fishi haishiki tena, inalegea kila mtu akipitisha mguu.

Tatu, badilisha. Hiki ndicho kipimo bora na hakilipishwi. Chukua waya ya kompyuta inayofanya kazi, uichomeke kwa ile iliyonyamaza. Ikisema, mgonjwa ni waya. Isiposema, jaribu tundu lingine la switchi. Bado? Sasa ndiyo unaanza kuishuku kompyuta yenyewe. Badilisha kitu kimoja kwa mara moja. Ukibadilisha vitatu pamoja, rezo inaweza kurudi na hautajua ni nini kiliponyesha.

Ndani ya ile waya kuna nyuzi 8, zimesokotwa mbili mbili. Rezo ya kawaida ya mwendo wa 100 inatumia 4 tu. Ile ya haraka zaidi inataka zote 8. Kwa hiyo uzi mmoja ukikatika, waya kwa macho ni nzima lakini kazi inalegea ama inasimama. Na depo ni nyumba ya panya kabla ya kuwa nyumba ya kompyuta. Panya anatafuna pahali ambapo hauoni, nyuma ya magunia. Waya inapaswa kupita juu, ndani ya bomba la plastiki, mbali na waya za umeme, na isipite urefu wa mita 100 toka switchi mpaka kompyuta. Kama depo iko mbali zaidi na biro, switchi nyingine iwekwe katikati.

Tuongeze neno juu ya radi. Mashariki ya Congo ni kati ya pahali ambapo radi inapiga sana duniani. Waya inayoruka nje toka nyumba moja mpaka nyingine inaweza kuleta nguvu yake ndani na kuunguza tundu la rezo, hata kama kompyuta yenyewe inaendelea kuwaka. Wingu likiwa jeusi, chomoa waya ya umeme na waya ya rezo, zote mbili, kabla radi haijaanza. Ikishaanza, usiziguse tena.

Nne, namba. Taa zinawaka lakini mashini hazionani? Kila kompyuta katika rezo iko na anwani ya namba, kama nyumba katika avenue. Mfano, ya biro ni 192.168.1.10 na ya depo ni 192.168.1.11. Kwa rezo ndogo kama zetu, sehemu tatu za mbele zifanane, na ya mwisho itofautiane. Zikiwa sawa kabisa, ni kama nyumba mbili na namba moja: mletaji wa barua anachanganyikiwa. Na ukiona namba inayoanza na 169.254, ujue kompyuta iliomba anwani, haikupata wa kuijibu, ikajipa yake. Basi andika ile ya zamani kwa mkono.

Tano, salamu. Fungua ule ukurasa mweusi wa amri, andika ping, acha nafasi, kisha namba ya kompyuta ya pili. Majibu yakirudi, njia ni nzima, na shida iko kwa programu ama kwa ukuta wa ulinzi wa kompyuta. Yasiporudi, jaribu toka upande wa pili pia, maana huo ukuta unaweza kuzuia hata salamu. Lakini hapa tunaomba sana: usizime ukuta kabisa na kuuacha hivyo. Ruhusu tu kompyuta za koperative zionane. Mlango unaufungulia ndugu, hauung'oi.

Mambo haya matano yanaweza kumalizwa katika saa moja. Yakishindikana, ita fundi, na umwambie yale umeshajaribu. Hataanza toka mwanzo, na nyinyi hamtalipa kwa ajili ya prizi iliyochomolewa.

Sasa, tatizo letu la kweli. Katika koperative nyingi mtu mmoja tu anajua kugusa kompyuta. Akiugua, akisafiri, akikasirika, koperative inalala. Tumesikia viongozi wanasema mambo ya mashini si ya wakulima. Hatukubali. Mkulima anayejua kutengeneza pompi ya kunyunyizia dawa, anayesikia pikipiki kwa mlio na kujua kinachoiuma, hawezi kushindwa na waya. Na sheria iko upande wetu: sheria ya OHADA juu ya koperative, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika katika nchi yetu mwaka 2012, inahesabu mafunzo na habari kati ya kanuni za koperative. Kufundisha wanamemba si zawadi ya prezida.

Wengine watasema: tukifundisha watu wengi, wengi watagusa na wataharibu. Woga huo uko na sababu. Ndiyo maana hatuombi kila mtu aguse. Tunaomba watu watatu, na mmoja wao awe mwanamke wa depo, kwa kuwa pale kwa mizani ndipo shida inaonekana kwanza. Wawe na daftari moja lenye namba za kila kompyuta, mchoro wa njia ya waya, na tarehe ya kila kitu kilichobadilishwa. Waya moja ya akiba iliyokwisha kupimwa iwekwe pahali panya haifiki.

Na jambo la mwisho, lenye uzito kuliko yote: karatasi isitupwe. Kila gunia linalopimwa liandikwe pia katika kitabu, na mkulima apewe kipande chake chenye kilo na sahihi. Rezo ikikatika, mtunza kesi atalipa kwa karatasi, na kompyuta itajazwa kesho. Kompyuta imekuja kusaidia hesabu; haikuja kuchukua nafasi ya ushahidi.

Kwa mkutano mkuu unaokuja, ulizeni viongozi wenu maswali matatu: Nani anajua namba za kompyuta zetu? Waya ya akiba iko wapi? Rezo ikianguka siku ya soko, tutalipwa namna gani? Wasipokuwa na majibu, ajenda ya mkutano mnayo tayari.