Flashi ya Kasi na Barua ya Mzazi



Katika shule ninayofundisha hapa Gashonga, walimu tuna mjadala ambao haujafika mwisho. Fedha zilizotengwa kwa vifaa vya ofisi zinatosha kununua ama flashi moja yenye kasi kubwa, ama flashi tatu za kawaida za bei nafuu. Wengi wetu wanaitaka ile ya kasi. Mwanzoni mwa mwaka nami nilikuwa miongoni mwao. Sasa sipo, na ningependa ujue kilichonigeuza.

Kwanza neno moja la lugha, maana wewe unajifunza Kiswahili nami siwezi kuipita nafasi hii. Wapo wanaokiita kifaa hiki diski mweko, na sina ugomvi nao. Hata hivyo, dukani ukitaja jina hilo utaangaliwa kwa mshangao. Nitasema flashi, na nitaiweka katika ngeli ya I-ZI: flashi hii inajaa, flashi hizi zinajaa.

Tuitendee haki flashi ya kasi. Ofisi yetu ina kompyuta moja tu iliyounganishwa na mashine ya kuchapa, na wiki ya mwisho ya muhula utatukuta tumesimama nyuma ya kiti kimoja, kila mtu na alama zake. Chukua mwalimu mwenye gigabaiti 3 za kazi, yaani takriban megabaiti 3,000. Flashi inayoandika megabaiti 5 kwa sekunde itamshikilia hapo kwa dakika 10. Inayoandika megabaiti 100 itamwachia baada ya nusu dakika. Tofauti hiyo si yake peke yake, kwani walio nyuma yake nao wanasubiri. Isitoshe, umeme ukikatika katika dakika ya nane, faili lililokuwa likiandikwa huenda likaharibika na kazi ikaanza upya. Anayesema kasi ni anasa hajawahi kusimama katika foleni hiyo.

Lakini kasi haikai ndani ya flashi peke yake. Inategemea pia tundu inamochomekwa. Mfumo wa USB 2.0, uliotolewa mwaka 2000, una ukomo wa megabiti 480 kwa sekunde, sawa na megabaiti 60, na katika matumizi ya kila siku hupungua zaidi. USB 3.0 ya mwaka 2008 iliupandisha ukomo huo hadi gigabiti 5. Ukichomeka flashi ya kasi katika tundu la zamani itafanya kazi, ila kwa mwendo wa tundu hilo. Mara nyingi tundu jipya hutambulika kwa plastiki ya buluu iliyomo ndani yake, ingawa si watengenezaji wote wanaofuata desturi hiyo. Nilikwenda kuchungulia kompyuta ya ofisi yetu: ina matundu manne, yote meusi, na umri wake unanithibitishia kwamba ni ya USB 2.0. Basi sehemu kubwa ya kasi tutakayoilipia itabaki imeandikwa kwenye pakiti. Na hata hiyo ya kwenye pakiti isome kwa makini: kwa kawaida namba kubwa inayotangazwa ni ya kusoma, ilhali kuandika huwa polepole zaidi. Sitaji hata zile flashi bandia zinazojitangaza kuwa na nafasi kubwa ambayo hazina.

Haya yangetosha kuwa hoja ya mhasibu. Yangu ni nyingine.

Muhula uliopita nilikuwa na flashi ya kasi, ya kwangu mwenyewe, niliyojinunulia kwa furaha. Siku za flashi yangu ya zamani, nilipotaka kuchapa mtihani nje ya shule, nilichagua faili moja, kwa kuwa sikuwa na subira ya kungoja zaidi ya hilo. Nilipopata ile ya kasi niliacha kuchagua. Nilikokota folda nzima ya darasa langu, nikahesabu hadi ishirini, nikaondoka. Nikapanda pikipiki hadi Kamembe, nikaingia katika duka la kuchapa, kijana wa dukani akanakili kilichomo katika kompyuta yake ili afanye kazi yake upesi. Karatasi zangu zikatoka safi. Nikashukuru, nikalipa.

Baada ya siku tisa nilirudi dukani humo kwa shughuli nyingine. Folda yangu ilikuwa bado ipo kwenye kioo cha kompyuta, imebeba jina la darasa, na wateja wanapita. Ndani yake mlikuwa na majina ya wanafunzi wote, alama zao, namba za simu za wazazi wao, na barua moja iliyoskaniwa ambamo mzazi alinieleza, kwa siri, kwa nini mwanawe hakuwa amelipiwa chakula cha shule. Nilimwomba kijana aifute, naye akaifuta mbele yangu bila ubishi. Nani alikuwa ameisoma? Hakuna awezaye kunijibu.

Niliona ni wajibu wangu kumwambia mzazi yule. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: “Mwalimu, barua yangu ilikwenda Kamembe kufanya nini?”

Sikuwa na jibu, msomaji wangu. Barua ile haikuwa na shughuli yoyote mjini. Ilisafiri kwa sababu kuibeba hakukunigharimu hata sekunde moja.

Katika masomo ya uraia tunawafundisha vijana kwamba Rwanda ina sheria ya mwaka 2021 inayolinda data binafsi na faragha ya mtu, na kwamba anayekusanya taarifa za watu anawajibika kuzilinda. Nimeifundisha sheria hiyo ubaoni mara kadhaa. Wakati naifundisha nilidhani inahusu benki, kampuni za simu na watu wenye kompyuta nyingi kuliko zetu. Kumbe ilikuwa inaning’inia pamoja na funguo zangu.

Mwenzangu mmoja amenipinga kikaoni, akisema kosa ni la mwalimu, si la flashi. Ana haki kwa nusu. Kosa ni langu, na sikulikana mbele ya mzazi. Ila chombo nacho humzoesha mtu tabia, na mimi kilinizoesha kutochagua. Tukinunua flashi moja kubwa ya kasi, itakuwa ya wote: mitihani, alama, barua na picha za sherehe zitakaa humo pamoja, na atakayeipoteza atapoteza vya wote. Hakutakuwa na nakala ya pili, kwa sababu fedha ya nakala ya pili itakuwa imenunua kasi.

Kwa hiyo natetea flashi tatu za kawaida. Moja ishike alama na ifungiwe kabatini. Ya pili iwe nakala yake, ikae kwa mkuu wa shule. Ya tatu ndiyo iende kuchapisha, ikiwa na faili moja tu la kazi ya siku hiyo. Mafaili ya alama tuyafunge kwa nywila, jambo ambalo Excel hulifanya bila malipo ya ziada. Na kwa kuwa faili lililofutwa mara nyingi huweza kurejeshwa na mwenye ujuzi, hii ya tatu isibebe hata siku moja kitu ambacho tungeona haya kikisomwa dukani. Foleni ya mwisho wa muhula itabaki ndefu, sikatai, nami nitasimama humo pamoja na wengine. Siku ofisi itakapopata kompyuta mpya nitakuwa wa kwanza kuomba tuujadili upya ununuzi huu.

Kikao kinaendelea Ijumaa. Nimeomba swali la mzazi yule liandikwe kwenye ajenda, juu ya kipengele cha bei.