Wasifu wa Babu Usisomwe Nusu

Bila shaka umekaa kwenye misiba kama nilivyokaa mimi, Iringa na Mbeya, chini ya turubai, baridi ya Juni ikipenya hadi ndani ya koti. Wakati wa wasifu wa marehemu ukifika, mmoja wa wanafamilia husimama na karatasi. Marehemu alizaliwa mwaka fulani, akasoma hadi darasa fulani, akaajiriwa, akastaafu, akaugua. Ameacha mjane, watoto wanane na wajukuu ishirini na tisa. Wajukuu wenyewe, waliokula naye sahani moja na kusinzia mapajani pake akiota moto, wametajwa kwa hesabu tu, kama mifuko ya mahindi ghalani. Kisha karatasi inakunjwa.

Nasema hapo tumemzika mtu nusu, na ile nusu nyingine hatujui tumeiacha wapi.

Twende Kalenga, mwendo mfupi kutoka Iringa mjini. Habari za Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, tumefundishwa shuleni: Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, kamanda wa Wajerumani Zelewski alipoangamia na jeshi lake, kuanguka kwa ngome ya Kalenga mwaka 1894, na 19 Julai 1898, Mtwa alipojipiga risasi asikamatwe hai. Wajerumani walikichukua kichwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 uliagiza fuvu lirudishwe, lakini lilichelewa hadi 19 Juni 1954, Gavana Edward Twining alipolikabidhi palepale Kalenga. Aliyelipokea ni Chifu Adam Sapi Mkwawa.

Huyo Adam Sapi vitabu vinamtaja kuwa Mwafrika wa kwanza kukalia kiti cha Spika wa Bunge letu. Ni heshima kubwa, wala sibishi. Ila siku ile alisimama pia kama mjukuu, akimpokea babu ambaye hakuwahi kumwona, miaka 56 baada ya kifo chake. Na hata sasa fuvu liko kwenye makumbusho ya Kalenga, kiwiliwili kiko Mlambalasi. Mkwawa alitenganishwa na adui kwa upanga. Wazee wetu tunawatenganisha wenyewe kwa kalamu: vyeo tunaviweka mezani vionekane, na maisha ya nyumbani tunayaacha porini.

Najua nitajibiwa kwamba wazee wa huku kwetu hawakuwa watu wa kudekeza, kwa hiyo hakuna la kusimulia. Anayesema hivyo hajui kusoma upendo wa zamani. Kwa Wanyakyusa wa Rungwe kulikuwa na vijiji vya marika. Mvulana akifika miaka kumi au kumi na moja alihama nyumba ya baba, akajenga kibanda na wenzake, akarudi kula kwa mama na kulima shamba la baba. Mke wa mwana naye alimkwepa baba mkwe njiani. Ukiyatazama hayo kwa macho ya leo utasema hapakuwa na mapenzi. Lakini ng'ombe wa mahari walitoka kwa baba, na kwa ng'ombe hao hao angeweza kujiolea mke mwingine. Mzee aliyewafungulia zizi mapema ili mwanawe aoe, hilo tu lilitosha kuitwa tamko, na kijiji kizima kililisikia.

Au mtazame yule aliyekwenda manamba. Vijana wa Njombe na Rungwe walitoka kwa maelfu kwenda mkonge wa Tanga, dhahabu ya Chunya, migodi ya shaba ng'ambo ya mpaka. Kwenye mkonge, kipande, yaani kadi ya kazi, kilikuwa na siku 30. Siku usiyomaliza kazi haikutiwa alama, na mshahara ulingoja kipande kijae. Fedha hizo zililipa kodi, zikanunua nguo za mama, zikampeleka mtoto shule. Katika wasifu tunaandika, "aliwahi kufanya kazi Tanga." Maneno manne! Alikata majani mangapi? Usiku alikuwa akimtaja nani?

Basi, enyi wenzangu wenye wazee hai, acheni kungoja turubai. Mzee akishuka mianzini jioni kugema ulanzi, mfuateni. Muulizeni ile misonobari ya kule mteremkoni aliipanda akimfikiria nani, maana mtu wa umri wake anajua hataivuna. Muulizeni na makosa yake. Babu asiye na kosa hata moja hakuna mjukuu atakayemwamini. Andikeni jina la ng'ombe aliyempenda, chakula alichokikataa, wimbo aliowalaza nao watoto. Daftari la shilingi chache latosha.

Mimi nilichelewa. Babu yangu wa Tukuyu alikuwa na kipande cha zamani ndani ya sanduku la bati, alama zake zikiishia siku ya ishirini na tatu. Nilikishika utotoni, nikacheza nacho, sikumuuliza kwa nini zile saba zilibaki wazi. Bibi anajua. Macho yake yamefifia, ila bado ananitambua kwa kikohozi tangu nikiwa mlangoni. Jumamosi hii napanda basi la alfajiri kutoka Mbeya, na daftari liko mfukoni.