Alikuwa anamkumbuka nani kule Uingereza?

Mwezi huu naanza na aibu yangu mwenyewe, maana yamenikuta.

Mwenzangu alikwenda kusoma Salford, Uingereza, kwa miezi 15. Aliporudi Dar, mwili ulikuwa nyumbani lakini akili sijui iko wapi. Hasa Jumapili usiku: anakaa barazani kimya, ukimuuliza anakujibu "hamna kitu". Dada zangu mnajua, "hamna kitu" ya mwanaume ina kitu! Nikaanza kupekua simu yake nikimtafuta huyo mzungu. Sikumpata. Siku moja uzalendo ukanishinda.

"Kwani unamkumbuka nani kule?"

Akanitazama weee, halafu akasema, "Nakumbuka keki."

Jamani, keki!

Ndipo akanieleza. Kila Jumapili jioni alikuwa ananunua keki mbili za Eccles, anachemsha chai, ananipigia simu. Moja anakula huku tunaongea. Ya pili anasema ni yangu, ingawa kesho yake anaila yeye. "Kule nilikuwa na wewe saa nzima," akasema. "Nimerudi, Jumapili usiku una tamthilia yako na simu yako. Mimi nakaa barazani."

Nilikosa la kusema. Mwizi nimemtafuta kwenye simu yake, kumbe yuko kwenye yangu.

Basi tukaamua tuzioke. Eccles ni mji mdogo ulioko Salford, jirani kabisa na Manchester, na keki hizi zilikuwa zikiuzwa pale na James Birch tangu mwaka 1793. Usitegemee keki ya kuumuka. Ni ya duara, bapa, ganda lake la siagi linaachana matabaka kama chapati iliyosukumwa vizuri, na ndani imejaa zabibu kavu na viungo. Viungo vyenyewe si vigeni, ni vya pilau na chai yetu.

MAHITAJI (keki 10)

Ganda: unga wa ngano gramu 250, siagi gramu 175 iliyoganda kwenye friza, chumvi nusu kijiko cha chai, maji ya baridi sana kama mililita 120.

Ndani: zabibu kavu ndogo nyeusi gramu 150, sukari ya kahawia gramu 75, siagi gramu 40, ganda la chungwa moja lililokwanguliwa, mdalasini kijiko kimoja cha chai, kungumanga nusu kijiko.

Juu: ute wa yai moja na sukari kidogo.

KAZI YENYEWE

Mmoja akwaruze siagi kwa kifaa cha kukwarulia karoti, mwingine aichanganye na unga na chumvi kwa ncha za vidole. Tieni maji kidogo kidogo mpaka unga ushikane, msiukande kama wa maandazi. Ufungeni, uwekeni kwenye friji nusu saa. Kisha sukumeni uwe mstatili, kunjeni mara tatu kama barua, geuzeni, sukumeni tena. Rudieni mara tatu, halafu friji tena nusu saa.

Sisi mara ya kwanza tulifanya saa nane mchana. Kwa joto la Dar siagi iliyeyuka yote, tukatoa biskuti ngumu kama kigae! Fanyeni usiku, na unga ukianza kulainika urudisheni kwenye friji.

Yeyusheni siagi ya ndani, changanyeni na vitu vyake vyote, acheni vipoe. Sukumeni unga uwe mwembamba, kateni duara za sentimita 10 kwa bakuli dogo. Wekeni kijiko kimoja kilichojaa katikati, kusanyeni kingo kama mnafunga kifuko, geuzeni upande wa fundo uwe chini, bonyezeni kwa kiganja mpaka zabibu zianze kuonekana. Chaneni mistari mitatu juu, mvuke upate pa kutokea. Pakeni ute wa yai, nyunyizeni sukari, okeni kwa nyuzi 220 dakika 15 hadi 20 mpaka ziwe rangi ya dhahabu. Zipoe kwanza, sukari ya ndani inaunguza ulimi!

Kule kwao hula na jibini ya Lancashire. Sisi tulikula na chai ya rangi, barazani, tamthilia imezimwa. Ya pili kwenye sahani niliila mimi, na safari hii nilikuwepo.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kabla hujapekua simu ya mwenzio, muulize anakumbuka nini. Ukishamuuliza, kaa umsikilize mpaka amalize.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa!