HODI ZA WAHUBIRI BIGWA

Mkulima wa Bigwa huamka alfajiri. Jua lichomozapo amekwisha kushika njia ya kupanda Uluguru kwenda shambani, na mama wa nyumba ametangulia mjini Morogoro na tenga lake la ndizi. Kwa hiyo ahubiriye nyumba kwa nyumba saa nne ya asubuhi hawakuti wenye nyumba. Huwakuta wazee, wagonjwa na watoto. Hapo ndipo penye tatizo, wala si katika dini yake.

Hatuna nia ya kumzuia mtu kuhubiri. Ibara ya 19 ya Katiba ya mwaka 1977 imeiacha kazi ya kutangaza na kueneza dini kuwa huru na hiari ya mtu binafsi. Mji wetu wenyewe umeipatia nchi funzo juu ya jambo hili. Mwaka 2001 Mahakama ya Wilaya ya Morogoro ilimtia hatiani Mwislamu aliyetamka mbele ya watu kwamba Yesu si mwana wa Mungu, ikampa kifungo cha miezi 18. Hatimaye Mahakama ya Rufani iliifuta hatia hiyo. Kuitamka imani yako, pasipo nia ya kuwaumiza wengine, si jinai.

Lakini maneno yale yalisemwa hadharani. Asiyependa mahubiri ya uwanjani huondoka zake. Aliyemo nyumbani mwake aende wapi? Ibara ya 16 ya Katiba hiyo hiyo inamlinda yeye, familia yake na maskani yake. Kwetu apigaye hodi hukaribishwa, akapewa kigoda na maji ya kunywa. Wako wahubiri walioigeuza karibu hiyo kuwa mkataba: akishaketi, haondoki.

Tena nyumba moja ya hapa yaweza kuwa na rozari chumba hiki na msahafu chumba cha pili, mjomba Mkatoliki na mpwa wake Mwislamu. Na kwa Waluguru mjomba si mtu mdogo. Mgeni akilitupa neno la dharau sebuleni, yeye huenda zake. Wenyeji ndio wanaobaki nalo usiku kucha.

Haki itendeke kwa wahubiri pia. Hutukanwa, hufukuziwa mbwa, hudhaniwa wezi. Huo si uungwana hata kidogo.

Ajabu ni kwamba dini zenyewe zimekwisha kuliamua jambo hili. Tuliopita chuoni tulifundishwa, katika Surat an-Nur, kwamba ukiambiwa rudi, urudi. Nayo Injili ya Luka inawaagiza waliotumwa watoke katika mji usiowapokea.

Basi waje jioni, wenye nyumba wakiwa wamerejea. Wasimhubirie mtoto pasipo mzazi wake, wala wasimtishe mgonjwa kwa habari za moto. Na balozi wa shina asiitwe kuamua nani amesema kweli juu ya Mungu. Aitwe pale ambapo mtu ameombwa kuondoka, akakataa.