MALI YA MFANYAKAZI NAYO ILINDWE



Mwizi wa laini zetu hana haja ya kupeleleza sana. King'ora cha kiwanda humwambia saa ya zamu, na siku ya mshahara inajulikana na kila mtu. Akifika hukuta nyumba kimya, mwenyewe yuko shambani au mtamboni. Redio, baiskeli, cherehani na godoro, jasho la miaka, huondoka kwa dakika kumi.

Mkata miwa wa Busoga, mchuma chai wa Toro na fundi wa kiwandani Jinja wote yaweza kuwapata hayo. Nasi twasema wazi kwamba ulinzi wa mali ya mfanyakazi una pande tatu, na upande mmoja ukilegea, zile nyingine hazitoshi.

Upande wa kwanza ni wetu wenyewe. Kufuli ya bei kubwa haina maana kama pete yake imeshikwa na skrubu zinazoonekana nje. Mwizi hahangaiki na kufuli, hung'oa skrubu. Zitumike boliti zenye nati upande wa ndani. Nondo za dirisha ni nzuri, lakini liachwe dirisha moja linalofunguka kutoka ndani, maana moto nao huja bila kubisha hodi. Namba za baiskeli na simu ziandikwe katika daftari. Ya simu huonekana ukibonyeza *#06#. Bila namba, utawaonyeshaje polisi kwamba simu iliyokamatwa ni yako? Na fedha zisilale chini ya godoro. Tangu mwaka 2009 twaweza kuziweka katika simu hapa Uganda, ila aliyeandika namba ya siri nyuma ya simu yake amemkabidhi mwizi ufunguo.

Upande wa pili ni majirani. Tazameni vikundi vya akiba: sanduku la chuma, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu, na fedha kuhesabiwa mbele ya wote. Mtindo huo ulianza Niger mwaka 1991 miongoni mwa akina mama wa vijijini. Sehemu kubwa ya fedha huwa imekopeshwa wanachama, hivyo hata sanduku likiibwa, mwizi hupata kidogo. Kwa moyo huo huo, wa zamu ya mchana na waangalie milango ya wa zamu ya usiku, na hawa wawalipe wenzao vivyo hivyo.

Tena tuache kununua vitu vya wizi. Anayenunua redio ya mwenzake kwa bei ya kutupa ndiye mwajiri wa mwizi, na apokeaye kitu huku akijua kimeibwa ni mkosaji mbele ya sheria. Mwizi akikamatwa, apelekwe kwa mwenyekiti wa LC1 na kwa polisi. Kumpiga hadi kufa ni kuua. Wako waliopigiwa kelele nao hawakuiba kitu. Na maiti haisemi mali imeuzwa wapi.

Upande wa tatu ni mwajiri, na hapo ndipo penye deni kubwa. Katika mashamba mengi tumeona ghala la mbolea likiwa na askari usiku kucha, na laini za wafanyakazi hazina hata taa moja. Kuta za kugawa vyumba hazifiki kwenye paa, hivyo aliyeingia chumba kimoja ameingia vyote. Mwenye kujenga nyumba ya namna hiyo asitwambie kwamba wizi ni uzembe wetu.

Kwa hiyo twawaomba wajumbe wa kila tawi: kabla ya mazungumzo ya mkataba wa pamoja, piteni nyumba kwa nyumba, hesabuni milango mibovu, kuta fupi na sehemu zisizo na taa. Hesabu hiyo iwekwe mezani pamoja na dai la mshahara. Nyongeza inayoishia mikononi mwa mwizi si nyongeza.