Eldoret Iwape Waunda Gemu Kambi

Mwaka wa 1983 kampuni ya Konami ya Japani ilitoa gemu ya riadha iliyoitwa Track & Field. Mchezaji alisimama mbele ya mashine ya kutumbukiza sarafu, akagonga vibonye viwili kwa zamu, na kadiri vidole vilivyokwenda kasi ndivyo mwanariadha wa kwenye kioo alivyotimka. Mashindano yalikuwa sita: mita 100, kuruka umbali, kurusha mkuki, mita 110 kuruka viunzi, kurusha nyundo na kuruka juu. Mbio ndefu hazikuwemo. Hapakuwa na mita 10,000, hapakuwa na marathoni, wala zile mita 3,000 za kuruka viunzi na maji ambazo wanaume wa Kenya walizishinda katika kila Olimpiki waliyohudhuria kuanzia 1968 hadi 2016.

Inaeleweka. Vijana wa Japani walitengeneza walichokijua, tena kwa mashine iliyotaka mteja amalize haraka atie sarafu nyingine. Mtu ambaye angeunda gemu ya mbio ndefu, yenye hesabu ya kasi, ya pumzi, ya lini uvumilie na lini uchomoke, ni mtu aliyekulia mahali ambapo alfajiri barabara hujaa wakimbiaji. Mtu huyo huenda yuko Eldoret sasa hivi. Tatizo ni kwamba hakuna anayemlipa akae chini aiunde.

Kupenda gemu si jambo la kuulizwa mjini humu. Langas, Huruma, Munyaka, Kapsoya, kote kuna vibanda vya PS (PlayStation): chumba cha mabati, benchi la mbao, runinga moja au mbili, na pedi ambazo vijiti vyake vimelika hadi vimebaki chuma. Sheria ya kibanda haijaandikwa popote lakini kila mtoto anaijua: anayefungwa ndiye anayelipa. Kwa miaka mingi, gemu iliyotawala mabenchi hayo ilikuwa kandanda ya Konami, ile ya Winning Eleven ambayo baadaye ilijulikana zaidi kwa jina la Pro Evolution Soccer, au PES. Washindani wake wa gemu ya FIFA ndio waliokuwa na haki za Ligi Kuu ya Uingereza, kwa hiyo Konami ilivibandika vilabu majina ya kubuni. Arsenal ikawa North London, Everton ikawa Merseyside Blue. Vijana wa Eldoret hawakujali. Wengi wao walimjua Castolo, mshambuliaji wa timu isiyokuwepo duniani, kama wanavyowajua wachezaji wa kweli, kwa sababu ndiye aliyewavusha msimu wa kwanza wa Master League, ligi ya ndani ya gemu hiyo.

Kampuni iliyowapa raha hiyo haikuzaliwa ikiwa kampuni ya gemu. Kagemasa Kozuki alianzisha biashara yake mwaka wa 1969 katika eneo la Osaka, akikodisha na kukarabati mashine za muziki zile zinazowekwa baani, unatia sarafu unachagua wimbo. Alikuwa fundi na mfanyabiashara. Alijua kufungua kisanduku, kutafuta waya uliokatika, na kukusanya sarafu jioni. Ilipita karibu miaka kumi kabla ya kampuni kuingia kwenye gemu, na ilipofika 1981 ndipo Scramble na Frogger zilipoipa jina duniani. Castlevania ilikuja 1986. Contra na Metal Gear zilifuata 1987. Yeyote aliyecheza zile kaseti za bei rahisi za mashine zilizounganishwa na runinga anamkumbuka yule askari wa Contra aliyejikunja hewani kama mpira.

Miaka 12, basi, tangu kukarabati mashine za muziki hadi Frogger. Kandanda nayo haikuja kwa siku moja. Winning Eleven ya kwanza ilitoka mwaka wa 1995, na timu iliyohusika, ambayo sura yake kwa umma ilikuwa Shingo Takatsuka, iliendelea kuinoa toleo baada ya toleo. Mpira ulikuwa mzito mno, ukarekebishwa. Pasi zilikuwa za kubahatisha, zikarekebishwa. Ilipofika miaka ya 2000, wachezaji wengi waliona hakuna kandanda ya kompyuta inayoikaribia. Watu walewale, kazi ileile, mwaka baada ya mwaka, na mshahara unaingia kila mwezi.

Mshahara huo ndio kiini cha hoja. Tazama kilichotokea Septemba 2021, Konami ilipoiacha PES na kutoa eFootball bila malipo. Ilikuwa aibu. Nyuso za wachezaji zilipinda, mipira ikapita katikati ya miili, na kwenye duka la Steam gemu hiyo ikaporomoka hadi kuwa miongoni mwa zilizokemewa vikali kuliko zote. Kampuni iliomba radhi mara moja, ikarudi karakana, na Aprili 2022 ikatoa toleo lililorekebishwa. Iliweza kuomba radhi na kuendelea kwa sababu ilikuwa na kadi za Yu-Gi-Oh!, vilabu vya mazoezi ya mwili na mashine za kasino zikiiingizia pesa. Studio ya Nairobi ikikosea mara moja tu namna hiyo, inafungwa.

Na vipaji Kenya havijakosekana. Mwaka wa 2007 kijana Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya pande tatu yenye shujaa mwanamke anayetafuta vitu vya kale vya Afrika. Alifanya sehemu kubwa ya kazi peke yake. Ni muhimu kukumbuka ulikuwa mwaka gani. M-Pesa ilikuwa ndiyo kwanza imezinduliwa mwezi Machi. Duka la programu la Apple halikufunguliwa hadi Julai 2008. Kirinya alitengeneza bidhaa kabla soko lake halijajengwa, na hakuwa na biashara nyingine ya kumshikilia hadi soko lije. Miaka miwili baadaye aliungana na Eyram Tawia wa Ghana wakaanzisha studio ambayo leo inaitwa Leti Arts, mguu mmoja Accra na mwingine Nairobi, wakiwaleta mashujaa wa Afrika kama Ananse na Shaka kwenye gemu na katuni za simu. Bado ipo, na kudumu huko ni ushindi unaostahili heshima kubwa kuliko inayopewa.

Kisha ikaja Ma3Racer ya Planet Rackus, mnamo 2011. Unaendesha matatu kwenye barabara za Nairobi, unakwepa watu na magari, ukizembea unagonga. Gemu hiyo iliwekwa kwenye duka la Nokia, na katika muda mfupi ikapakuliwa katika nchi zaidi ya mia moja. Wakenya walikuwa wameunda kitu kilichopendwa na dunia. Lakini nyumba waliyopanga ilikuwa ya Nokia, na Nokia yenyewe ilianguka. Duka lake la programu lilikabidhiwa kwa Opera mwaka wa 2015. Mwaka huohuo Andrew Kaggia, ambaye tayari alikuwa amejulikana kwa katuni yake iliyowageuza wanasiasa wa Kenya kuwa roboti, alitoa Nairobi X kupitia Black Division Games: wavamizi kutoka anga za juu wameingia jijini, na askari mmoja anawakabili. Kila moja ya kazi hizi iliandikwa magazetini kama mwanzo wa tasnia. Walioziunda walisifiwa, wakapigwa picha, wakaachwa.

Ng'ambo ya mpaka hadithi inauma zaidi. Lual Mayen, mkimbizi wa Sudan Kusini aliyekulia kambini kaskazini mwa Uganda, alijifunza kuunda gemu kwa kompyuta ambayo mama yake aliidunduliza kwa miaka mitatu, dola 300. Alitembea saa kadhaa kwenda kuichaji. Gemu yake ya amani, Salaam, ilimfikisha kwenye jukwaa la The Game Awards mwaka wa 2018. Leo kampuni yake, Junub Games, iko Washington. Nani atamlaumu? Alikwenda mahali ambapo stima haipotei na mwekezaji anapokea simu.

Serikali itajibu kwamba mikopo ya vijana ipo. Ipo, ila imekatwa kwa kipimo cha biashara nyingine kabisa. Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, ilipozinduliwa Novemba 2022 mkopo wake wa mtu binafsi ulianzia shilingi 500 hadi 50,000, wa kurudishwa ndani ya siku 14. Mama anayenunua nyanya soko kuu asubuhi na kuziuza jioni anaweza kuufanyia kazi. Kijana anayehitaji miaka miwili kabla ya kuuza nakala ya kwanza hawezi, hata awe hodari namna gani. Njia nyingine iliyozoeleka ni mashirika ya misaada: gemu ya kuhimiza amani, gemu ya afya, gemu ya mazingira. Zina nia njema na zimewalisha waunda gemu wengi. Hata hivyo fedha za mradi zikiisha gemu hufa, timu hutawanyika, na makosa ya toleo la kwanza hayapati nafasi ya kusahihishwa katika toleo la pili.

Wakati huohuo pesa za vijana zinaondoka kila siku kupitia Aviator, kile kindege cha kamari kilichotengenezwa na kampuni ya Spribe ya Georgia. Kijana anakodolea macho simu, kindege kinapaa, kinatoweka, na nauli ya kesho imetoweka nacho. Wazazi wa Eldoret wanaosema gemu zinaharibu watoto mara nyingi wanazungumzia hili, na wana haki ya kukasirika. Lakini hasira hiyo isitumike kumfungia mlango kijana anayejifunza kuandika programu. Kamari na gemu ni vitu viwili tofauti, na kwa upande wa kazi na ujira, cha pili ndicho kinachoweza kumpa mtoto wa Langas ajira ya ofisini.

Fedha za Wajapani zimeshaanza kutazama bara hili. Januari 2024 mfuko wa uwekezaji wa Sony uliweka pesa katika Carry1st, kampuni ya Afrika Kusini ambayo kazi yake kubwa ni kusambaza gemu na kurahisisha malipo yake barani. Ni habari njema kwa wanaouza. Kwa wanaounda, bado.

Eldoret, hata hivyo, ina somo ambalo miji mingine haina, nalo linatoka kwenye riadha. Eliud Kipchoge alitwaa ubingwa wa dunia wa mita 5,000 jijini Paris mwaka wa 2003. Marathoni yake ya kwanza, ya Hamburg, ilikuwa 2013. Saa moja, dakika 59 na sekunde 40 za umbali wa marathoni kule Vienna zilikuja Oktoba 2019. Kati ya tarehe hizo kuna maelfu ya asubuhi za Kaptagat, kambi yenye vitanda vya kawaida na zamu za kufagia, chini ya kocha mmoja, Patrick Sang, aliyeshinda medali ya fedha Barcelona mwaka wa 1992. Hakuna aliyemwambia Kipchoge arudishe mkopo baada ya siku 14.

Wajapani wenyewe waliwalea Wakenya kwa utaratibu unaofanana na huo. Douglas Wakiihuri aliishi na kufanya mazoezi Japani kabla ya kuwa bingwa wa dunia wa marathoni mwaka wa 1987. Eric Wainaina, mshindi wa shaba Atlanta na fedha Sydney, alikuwa mkimbiaji wa timu ya kampuni ya Konica. Samuel Wanjiru alikwenda kusoma sekondari Sendai, akajiunga na timu ya Toyota Kyushu, na mwaka wa 2008 akashinda dhahabu ya Beijing. Makampuni ya kule huwaajiri wakimbiaji kama wafanyakazi wao, yakiwalipa mwezi hadi mwezi huku yakisubiri miguu ikomae. Ndivyo yalivyowalipa pia waandika programu.

Kinachotakiwa kwa hiyo ni kambi ya gemu, na haihitaji jengo la kifahari. Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Eldoret vina wanafunzi wa kompyuta; Kaunti ya Uasin Gishu ina majumba na bajeti. Vijana kumi, kompyuta zinazofaa, intaneti isiyokatika, posho ya miaka mitatu, na mwalimu aliyewahi kuuza gemu sokoni, awe Kirinya, Kaggia au mwingine wa rika lao. Kazi ya kwanza iwe gemu ya mbio ndefu. Wakimbiaji wa kuiongoza wapo mtaani: wanajua miguu inavyokuwa mizito mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, wanajua kikundi kinavyovunjika kwenye mlima, wanajua uso wa mwenzako unavyokuambia kwamba amekwisha. Maarifa hayo Konami haikuwa nayo mwaka wa 1983.

Wapo watakaouliza kwa nini kaunti yenye zahanati zisizo na dawa iweke shilingi kwenye gemu. Ni swali la haki, na jibu lake ni kiasi. Posho ya vijana kumi ni fedha ndogo ukiilinganisha na kilomita chache za lami, na inaweza kutolewa bila kugusa fungu la afya. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024. Jiji linahitaji kazi ambazo hazitegemei mvua ya mahindi peke yake.

Kwa mujibu wa sheria ya fedha za umma, kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, na wananchi hualikwa kutoa maoni. Wanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Moi kule Kesses na wenye vibanda vya PS wa Huruma wana sauti sawa na mwanakandarasi yeyote katika vikao hivyo. Waende na karatasi moja yenye majina kumi, gharama na ratiba ya miaka mitatu, waiweke mezani pa diwani wao.